KUANZA KAZI YA KUFUNDISHA WATU WAZIMA KIINGEREZA

Jioni, kazi zinapokwisha, katika mitaa mingi ya Nairobi na Mombasa huonekana watu wazima wakielekea darasani, daftari mkononi. Mmoja ni mama muuza nguo aliyetoka Bujumbura, ajuaye Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, lakini barua ya benki yamshinda. Wa pili ni seremala kutoka Bukavu, ambaye hupoteza kazi nzuri kwa sababu hawezi kumweleza mteja bei ya mbao na siku ya kumaliza. Wa tatu ni mzee wa Kisomali wa Eastleigh, ambaye mpaka leo husomewa maandishi ya dawa zake na mjukuu. Wote hao wataka Kiingereza, na kwa ajili ya watu wa namna yao ipo kazi ambayo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki hawajaihesabu kuwa kazi hasa, yaani kuwafundisha watu wazima lugha isiyo yao.

Wengi hudhani ya kwamba yeyote aliyemaliza shule ya sekondari, naye asema Kiingereza bila kukwama, aweza kukifundisha. Si kweli. Mwulize mtu huyo kwa nini Waingereza husema "I have seen him" lakini hawasemi "I have seen him yesterday", naye atajibu ya kwamba ndivyo isemwavyo. Jibu hilo lamtosha yeye, lakini halimtoshi mwanafunzi aliyelipa nauli na kuacha watoto nyumbani ili aje kuuliza. Kujua lugha ni jambo moja, na kumpa mwingine lugha hiyo ni ufundi wa pili, ambao una mafunzo yake kama ufundi wa kushona au wa kujenga.

Wanafunzi wenyewe

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Mwaka 1979 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango mkubwa wa kisomo kwa watu wazima, na madarasa hayo watu wakayazoea kwa jina la ngumbaru. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kumwezesha mtu kusoma na kuandika. Kazi inayoelezwa hapa ni nyingine. Mwanafunzi wa Kiingereza aweza kuwa mtu asiyewahi kushika kalamu, na huyo apaswa kufundishwa kwa masikio na macho kabla ya herufi. Lakini pia aweza kuwa mganga wa hospitali au mhasibu katika lugha nyingine. Mwalimu asiyeuliza hatajua ni yupi aliyekaa mbele yake.

Mfano mkubwa ulionekana Rwanda. Mwaka 2007 nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2008 serikali yake ikaamua masomo ya shule yatolewe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Walimu wengi waliokuwa wamefundisha hesabu na sayansi kwa Kifaransa muda wa miaka mingi walijikuta wanafunzi tena, na Waganda na Wakenya walikuwa miongoni mwa walioajiriwa kuwasaidia. Walimu wale hawakuwa wajinga wa hesabu. Walipungukiwa na maneno tu. Mtu ambaye angewaendea kana kwamba ni watoto wa darasa la kwanza, na kuwaimbisha a, b, c, angepoteza heshima yao siku ileile.

Wako tena wale waliosoma kwa Kiingereza tangu utoto, wala hawana shida ya kukisema, lakini wakabiliwa na mtihani. Muuguzi atakaye kuandikishwa Uingereza kwa njia ya mtihani wa IELTS, ambao alama yake ya juu kabisa ni 9, hutakiwa kupata 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa majina ya matunda. Ahitaji kufundishwa jinsi ya kupanga hoja katika karatasi kwa dakika 40 bila kutangatanga.

Ili walimu wa nchi mbalimbali waelewane juu ya kiasi cha elimu ya mtu, Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 kipimo cha ngazi sita, kuanzia A1 kwa mwanzo kabisa mpaka C2 kwa bingwa. Mwalimu mpya yafaa akijue kipimo hiki, kwa kuwa vitabu, mitihani na matangazo ya kazi hukitumia kila siku.

Mafunzo na vyeti

Mwaka 1962 John Haycraft na mkewe Brita, waliokuwa na shule ya lugha mjini London, walianzisha mafunzo ya majuma mawili kwa walimu wapya. Mafunzo yale yalitilia nguvu vitendo darasani kuliko hotuba. Kutokana na mwanzo huo mdogo kimetokea cheti kiitwacho CELTA, ambacho hutolewa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge na kutambuliwa katika nchi nyingi. Mafunzo yake hayapungui saa 120, na kwa anayesoma kutwa huchukua karibu majuma manne au matano. Katika muda huo mwanagenzi hufundisha watu wazima wenyewe kwa jumla ya saa 6, akitazamwa na mkufunzi na wenzake, na baada ya kila somo hukaa nao akaambiwa lililo jema na lililoharibika. Wengi husema ya kwamba saa 6 hizo huwachosha kuliko miezi ya kusoma vitabu.

Trinity College London nayo hutoa cheti cha daraja hilo, CertTESOL, cha saa zisizopungua 130. Ndani yake mna jambo moja la busara. Mwanagenzi hufundishwa kwa saa 4 lugha asiyoijua hata neno, na mwalimu hamsemeshi kwa lugha nyingine. Kijana aliyezoea kusifiwa kwa Kiingereza chake hujikuta amekaa kimya, jasho likimtoka, akiomba moyoni asiulizwe. Ni vigumu kupata njia bora zaidi ya kumwonyesha hali ya mzee atakayemfundisha baadaye.

Ada ya vyeti hivi si ndogo. Kwa vijana wengi ni akiba ya miezi mingi. Hapo ndipo walaghai huingia. Katika intaneti mna matangazo mengi ya vyeti vya "saa 120" vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hesabu ya saa ni ileile, lakini mnunuzi hajibu ila maswali ya kuchagua, wala hasimami mbele ya mtu hata mmoja. Kabla ya kutoa fedha, yafaa mtu aulize maswali mawili: atawafundisha akina nani, na ni nani atakayemtazama akifundisha? Ikiwa jibu ni hakuna, cheti hicho hakitamsaidia siku ya kwanza darasani, na waajiri wanaoijua kazi hawatakithamini.

Kuna mambo mengine mawili ambayo wauza vyeti hawapendi kuyataja. La kwanza, cheti cha namna hii hakimpi mtu ruhusa ya kufundisha katika shule za Kenya. Huko sheria humtaka mwalimu aandikishwe na Tume ya Huduma za Walimu, nayo ina masharti yake. La pili lahusu kazi za ng'ambo. Viza ya kufundisha mazungumzo ya Kiingereza katika Korea ya Kusini, iitwayo E-2, hutolewa hasa kwa raia wa nchi 7, nazo ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Mkenya hayumo, hata akiwa amefaulu vizuri kuliko wao. Waweza kusema si haki, na wengi wamesema hivyo, lakini wakala adaiye fedha mapema kwa ahadi ya viza hiyo na aepukwe.

Asiyeweza kulipa ada bado asikate tamaa. Aweza kwenda kwa mwalimu mzoefu wa madarasa ya jioni, akaomba kuketi nyuma kwa mwezi mmoja na kutazama, kisha akapewa dakika 15 za kufundisha, kisha nusu saa. Aweza pia kusaidia bila malipo katika darasa la kanisa, la msikiti au la chama cha kuwahudumia wakimbizi. Akifanya hivyo miezi mitatu, atajua kama kazi hii yamfaa au haimfai, na hilo ni jambo jema kulijua kabla ya kukopa.

Somo la kwanza

Siku ya kwanza mwalimu mpya huwa na hofu, na hofu humfanya aseme sana. Huandika ubao mzima orodha ya nyakati za vitenzi, hueleza, hufuta, huandika tena. Wanafunzi hunakili kwa adabu. Saa ikiisha wamekwisha jaza kurasa nne, wala hakuna aliyefungua kinywa.

Na afanye hesabu. Darasa lina watu 12 na muda wa saa moja. Mwalimu akisema dakika 40, zabaki 20; akiwaita mmoja mmoja kujibu, kila mtu hapati hata dakika mbili za kusema Kiingereza. Lakini katika dakika 20 hizo hizo, wakisemeshana wawili wawili kwa pamoja, kila mmoja hupata dakika 10. Chumba kitakuwa na kelele kama soko, na jirani huenda akalalamika, lakini ndiyo kelele iliyowaleta.

Jambo la kuwafundisha lisitoke kitabuni tu. Mwalimu mwenye akili huwaambia wanafunzi walete karatasi zinazowasumbua: hati ya kodi ya nyumba, fomu ya hospitali, tangazo la kazi, kifuko cha dawa. Tuseme mtu ameleta kifuko kilichoandikwa "Take two tablets three times a day after meals". Mwalimu hukiinua, husoma sentensi ile polepole mara tatu, na wanafunzi husikiliza bila kuandika. Huonyesha kwa vidole mbili, kisha tatu. Huchora sahani tupu ubaoni, na kando yake sahani yenye chakula, apate kutenga "before" na "after". Wote hurudia pamoja. Kisha mmoja huwa muuza dawa, mwingine mgonjwa, na mwalimu hupita kati yao akisikiliza. Mwishoni kabisa ndipo huandika. Mzee yule wa Eastleigh akirudi nyumbani usiku huo aweza kusoma kifuko chake mwenyewe, na hatahitaji kushawishiwa arudi Alhamisi.

Kuna swali moja ambalo halina faida, nalo ni "Mmefahamu?" Watu wazima wote watajibu ndiyo, wengine kwa heshima ya mwalimu na wengine kwa kuona haya. Swali lenye faida ni lile ambalo jibu lake laonyesha kama mtu ameelewa: "Nimekula saa saba mchana. Nimeze dawa kabla ya hapo au baadaye? Vidonge vingapi kwa siku nzima?" Anayejibu sita ameelewa, na anayejibu vitano hakuelewa, wala haikulazimu kumwumbua.

Katika kusahihisha, kiasi chahitajiwa. Mwalimu akimkata mtu kila neno, mtu yule hunyamaza. Yafaa kuacha sentensi iishe, kuyaandika makosa pembeni, na baadaye kuyaweka ubaoni bila kutaja ni ya nani, ili darasa lote liyatengeneze. Mtoto akichekwa shuleni hulia, na kesho hurudi kwa kuwa mamaye humleta. Mtu mzima akichekwa hatabishana. Atasema amepata safari, na hataonekana tena. Amekwisha jishusha kwa kuja kuketi mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Hawezi kushushwa mara mbili.

Kwa sababu hiyo hiyo majina yataka uangalifu. Vitabu vingi vya Ulaya huonyesha wanafunzi na mwalimu wakiitana kwa jina tupu. Huku kwetu kijana wa miaka 25 hamwiti hivyo mtu wa miaka 60. Na aulize siku ya kwanza kila mtu apenda kuitwaje, kama ni Mzee, Mama fulani, Bwana au Mwalimu, na jibu aliandike katika daftari la mahudhurio.

Matatizo ya wasemao Kiswahili

Mwalimu aliyezaliwa akisema Kiswahili ana faida ambayo mgeni hana: ayajua makosa kabla hayajatokea. Kiswahili kina sauti tano tu za a, e, i, o, u, hali Kiingereza kina nyingi zaidi. Kwa hiyo "ship" na "sheep" huwa neno moja, na "cat", "cut" na "cart" zote tatu hukutana mahali pamoja. Kadhalika Kiswahili hupenda neno liishie kwa vokali, na ndiyo sababu "club" ilikuwa kilabu na "film" ikawa filamu. Mwanafunzi hufanya vivyo hivyo kinywani. Dakika tano za masikio kila siku, mwalimu akisema maneno mawili na wanafunzi wakiinua mkono wa kulia au wa kushoto, hufaa kuliko maelezo marefu.

Neno yeye halichagui mwanamume wala mwanamke, basi mtu aweza kumsifu mkewe kwa "he" mpaka mwisho wa hadithi. Nimechoka hugeuzwa kuwa "I have tired". Harufu kwa Kiswahili husikiwa, na Mwingereza hushangaa kuambiwa mtu amesikia kwa sikio uturi. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni saa. Saa tatu asubuhi ni "nine o'clock", na saa tisa alasiri ni "three o'clock". Anayefasiri tarakimu badala ya wakati, akiambiwa aje kuhojiwa "at nine", aweza kufika alasiri, ofisi imekwisha chagua mwingine. Somo hili lisingoje ukurasa wake kitabuni. Na lifundishwe juma la kwanza kwa saa ya ukutani.

"A" na "the" huwasumbua wanafunzi kwa miaka. Hapa Kiswahili chenyewe chaweza kusaidia. Mtu asemapo nimeona kitabu, ni kitabu chochote. Asemapo nimekiona kitabu, ni kile kinachojulikana. Tofauti hiyo haiendi sawa kila mahali, lakini humfungulia mwanafunzi mlango. Shule nyingine hukataza kabisa lugha nyingine darasani. Katazo hilo lina maana mahali walipokaa pamoja Mkongo, Mhabeshi na mtu wa Sudan ya Kusini wasio na lugha moja. Mahali wote wajuapo Kiswahili, dakika moja ya Kiswahili huokoa kumi za kukonyeza na kuchora.

Kuhusu maneno ya kuanzia, mwalimu asichague kwa bahati. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yatumiwayo zaidi katika Kiingereza, na ingawa orodha mpya zimetungwa tangu hapo, shauri lake ni lile lile: lile lisikiwalo kila siku litangulie, na la ajabu lingoje.

Malipo na hesabu

Kazi hupatikana katika shule za lugha za mijini, katika makampuni yatakayo makarani wao waandike barua vizuri, katika nyumba za wageni wa kibalozi, na katika vyama vinavyowahudumia wakimbizi, mijini na katika kambi kama Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Wengi huanza na wanafunzi wawili au watatu sebuleni. Malipo huhesabiwa kwa saa, nayo hupungua Desemba, hupungua Ramadhani, na hupungua tarehe za kodi ya nyumba. Anayeanza yafaa asiache kazi nyingine mpaka amepita mwaka mmoja. Apokee ada ya mwezi mwanzoni mwa mwezi na kutoa stakabadhi, na akumbuke ya kwamba kwa mwalimu mpya somo la saa moja hula saa mbili za matayarisho ambazo hakuna alipaye.

Asitangaze "Kiingereza kwa mwezi mmoja". Cambridge hukadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa kwa mtu kufikia ngazi ya A2, na 350 hadi 400 kufikia B1. Darasa likikutana mara mbili kwa juma, saa mbili kila mara, saa 200 ni majuma 50. Mteja akiambiwa hesabu hii wazi siku ya kuandikishwa, huenda akaondoka. Lakini anayebaki habaki kwa ahadi ya uongo.

Daftari la mahudhurio litunzwe kama fedha. Mtu akikosa mara mbili mfululizo, mwalimu amtafute kwa simu au apite dukani kwake, si kwa kumdai bali kwa kumjulia hali. Mmoja atasema zamu yake ya kazi imebadilika, naye aweza kuhamishiwa darasa la Jumamosi. Mwingine atasema miwani imevunjika, haoni ubao. Na mara nyingine mtu atasita, kisha ataeleza ya kwamba siku ile aliposoma, kijana aliyeketi nyuma alicheka. Huyo mwalimu na amsikilize mpaka amalize, amwombe radhi, na juma lijalo ampange asome na mwenzake wa rika lake.